Kurekebisha ufito wa kuvulia kwa ajili ya kayaki

Swali: Ndugu wavuvi, navulia kolekole katika hori ya Kilifi kwa kayaki, lakini ufito wangu wa mita 3, niliouzoea ufukweni, hunizuia kumvuta samaki hadi ubavuni. Niukate?

Jibu la 1: Usiguse ncha, kwani ndiyo inayopinda na kupunguza nguvu ya samaki, fupisha mpini, unaokwama kitini kila ugeukapo. Hata hivyo, ubaki mrefu kiasi cha kuupitisha mshipi mbele ya omo (ncha ya mbele ya kayaki) samaki anapohamia upande wa pili.

Jibu la 2: Naongeza kwamba kila kifaa kifungwe kamba, koleo langu liko chini ya bahari. Nanga nayo isifungwe ubavuni, maana mkondo wa maji kupwa huweza kukupindua. Ifunge omo au tezi (nyuma).

Muulizaji: Ahsanteni. Nitaanza na mpini.