Minyoo kwa samaki wa Naivasha, na trauti wa Mlima Kenya je?

baba_tasha254: Wasee niaje. Juzi nilinunua tilapia za Naivasha kando ya barabara, kupasua nyumbani napata minyoo imejikunja huko karibu na moyo, mikubwa aki, madam akasema yeye hagusi. Sasa mwezi ujao tunapanda Mlima Kenya na njia ya Chogoria na kuna jamaa ameapa tutavua trauti Lake Ellis tuile mbichi na ndimu, eti maji ni baridi hakuna mdudu anaweza ishi huko. Ni ukweli ama anatubeba?

mvuvi_wa_karagita: Hiyo ya karibu na moyo inakaa Contracaecum, Naivasha iko kitambo sana. Mwenyeji wake halisi ni ndege, mnandi na mwari, anakunya mayai kwa maji, vidudu vidogo vinameza, samaki anakula hivyo vidudu, ndege anakula samaki, inaanza upya. Ukiona vidonge vya manjano kwa nyama hiyo ni ingine, Clinostomum, inapitia konokono kwanza halafu inakomalia kooni mwa korongo, imagine. Lakini kiboko ni Ligula, ule utepe mweupe unajaza tumbo yote mpaka samaki hawezi taga. Omena wa Victoria pia wanayo.

Shiro_K: Mimi nilikuwa nakula nikisoma hii 😭

daktari_wa_mifugo: @baba_tasha254 huyo jamaa mwambie aache. Naivasha yenyewe iko karibu mita 1,900 juu na bado umeona minyoo. Huko Ulaya kwa maziwa baridi ya Alps, Como na Geneva, watu wameshikwa na tegu wa samaki kwa kula samaki anaitwa perchi akiwa mbichi, na huyo mdudu anaweza pita mita kadhaa ndani ya tumbo lako. Ndimu inabadilisha rangi ya nyama tu, mdudu haimfanyi kitu. Mbichi ni mpaka ikae friza ya -20 wiki nzima, na huko mlimani friza mtatoa wapi? Pikeni mpaka nyama iachane na mfupa, basi.

baba_tasha254: Na zile tilapia ningekaanga?

daktari_wa_mifugo: Ungetoa matumbo na hiyo minyoo, uoshe, ukaange iive mpaka ndani. Hakuna shida, ni kinyaa tu.

mvuvi_wa_karagita: Na leseni ya kuvua mtafute mapema, msifike geti ndio muanze kuuliza.

baba_tasha254: Poa, nimemforwadia. Ameblutiki. Nabeba sufuria.