Moto umepita kwenye paini, mikaratusi na ngitili huku Buchosa: kipi nikate, kipi niache?

Kilima_Buchosa
Wadau wa misitu, naomba mchango. Shamba ni ekari nne, mteremko unaotazama Ziwa Victoria, udongo luseni (wa kichanga). Chini kuna paini za miaka 9, katikati mikaratusi ya miaka 6, juu kabisa ngitili (eneo la malisho lililohifadhiwa) yenye miti ya asili: mininga, mitundu na milama. Moto uliingia mwishoni mwa Agosti, saa tisa alasiri, ukitokea chini. Paini zimegeuka kahawia karibu nusu ya majani, nyingine zaidi. Mikaratusi kadhaa imebabuka hadi kileleni. Ngitili nyasi zote zimekwisha. Wanunuzi wa kuni wanasema vyote vimekufa, niwauzie. Ni kweli? Na vuli ikianza nipande upya hapohapo? Tena, kwa mvua zinavyochelewa siku hizi, paini bado zinafaa?

Bwana_Miti_Kanda
Mkuu, mnunuzi wa kuni siyo daktari wa miti. Usikate kwa kuangalia majani.

Kwenye moto wa nyasi, mti unauawa na joto likifika kwenye ule utando mbichi ulio kati ya gome na ubao. Ukifikia nyuzi 60 hivi, basi. Gome likiwa nene mara mbili, joto huhitaji muda wa karibu mara nne kupenya, ndiyo maana paini mbili jirani moja hufa na nyingine hupona.

Subiri wiki nne hadi sita, kwani mapema zaidi utando uliokufa unaweza kuwa bado haujabadilika rangi. Kisha kwa patasi au kisu kikali fungua kidirisha cha sentimita 2 kwa 2 kwenye gome, chini kabisa karibu na udongo, pande nne za shina. Utando mweupe, wenye maji, uko hai. Wa kahawia, umekauka au unanuka uchachu, umekufa. Upande mmoja ukifa, mti utaishi na kovu. Pande tatu au nne, uhesabu umekwenda hata kama kileleni kuna kijani, kwa kuwa chakula hakishuki tena mizizini. Usiache kupima upande wa juu wa mteremko: moto unaopanda hujizungusha nyuma ya shina na kukaa pale, na majani makavu hujikusanya hukohuko. Palipokuwa na zulia nene la majani ya paini, fukua. Moto wa kufukuta chini yake huunguza shingo ya mti taratibu bila kuacha alama kubwa juu.

Halafu inategemea ni paini gani. Caribaea ikikua huwa na gome nene lenye mifereji, na kwao Amerika ya Kati imezoea moto wa nyasi. Patula gome lake la juu ni jembamba kama karatasi. Iliyobabuka chini ya nusu, chipukizi la kileleni likiwa hai na vidirisha vizuri, iache. Iliyobabuka zaidi ya robo tatu, kata, na usicheleweshe, maana ukungu wa bluu na mende wa gome huingia ndani ya wiki chache na bei ya mbao inaanguka. Usitegemee kisiki cha paini cha umri huo kuchipua.

Mama_Miche
Kwenye mikaratusi ni kinyume kabisa, ndugu. Huo mti una macho yaliyolala chini ya gome, moto ukipita yanaamka. Uliobabuka majani tu utavaa majani mapya shina zima. Utaishi, lakini kwa nguzo hautanyooka tena vizuri. Ulioungua gome hadi chini ukate, uchipue upya.

Kata kabla ya mvua, kisiki cha sentimita 10 hadi 12, kwa msumeno. Panga na shoka huchana gome na kuliachanisha na ubao, na machipukizi hutoka palepale lilipochanika. Kata mshazari, maji yasituame. Machipukizi yakifika mita 3 au 4 punguza ubaki na mawili au matatu, na baadaye moja au mawili. Ukipunguza mapema mno upepo wa ziwa huyavunja kwa sababu hayajashika vizuri kisikini. Mkaratusi aina ya camaldulensis huchipua kwa nguvu, aina ya grandis hubahatisha. Na hayo machipukizi laini ndiyo nyigu wa vinundu anayapenda, hivyo kagua vikonyo kila wiki mbili.

Kuhusu kupanda upya: pale palipokuwa na paini usiharakishe. Afrika Kusini wanafahamu vizuri ukungu wa Rhizina, ambao mbegu zake huamshwa na joto la moto kisha hushambulia mizizi ya miche ya paini. Huko husubiri miezi kadhaa. Tumia muda huo kushika udongo. Luseni iliyoungua hukataa maji siku za mwanzo, mvua ya kwanza ikipiga inateremka na majivu yote hadi ziwani. Laza matawi yaliyoungua kwa kufuata kontua, yagusane na ardhi, yapigilie vigingi. Subiri unyevu ufike sentimita 30 ndani ya udongo, ndipo uchimbe mashimo.

Ngosha_wa_Ngitili
Mmesahau ngitili, na ndiko kwenye hasara. Mininga na mitundu huchipua majani mapya kabla ya mvua, kuanzia Agosti hadi Oktoba, kwa akiba iliyo mizizini. Moto wa mwisho wa kiangazi unakuta akiba imeshatumika, na mti unalazimika kuchipua mara ya pili. Mwaka mmoja unavumilia. Miaka miwili mfululizo unabaki kichaka kisichovuka kimo cha miali. Mche wa mninga hukaa miaka mingi ukifa juu kila kiangazi huku ukijenga mzizi, kwa hiyo vijiti unavyoviona vimekauka usiving'oe.

Usiguse kitu mwaka huu. Ng'ombe wasiingie mpaka mvua za masika zipite. Baadaye walishe kuanzia Juni, nyasi zipungue kabla ya Agosti. Mimi siamini kuchoma.

Bwana_Miti_Kanda
Ngosha, ng'ombe wanasaidia pale walipo wa kutosha. Nyasi ndefu ngumu hawali, na ndizo zinazoungua. Majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza 1933, yalionyesha wazi: eneo lililochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi lilibaki nyasi, lililochomwa mapema lilibaki na miti, lisilochomwa lilifunga msitu. Bila kuchoma ni bora, kama unaweza kuulinda. Wengi hawawezi.

Kuchoma mapema ni mwishoni mwa Mei hadi Juni, nyasi zikiwa nusu mbichi, jioni upepo wa ziwa ukishatulia. Washa upande wa juu, moto ushuke. Mchana upepo unatoka ziwani na kusukuma moto kupanda, na kila nyuzi 10 za mteremko mwendo wake karibu unaongezeka maradufu. Hilo ndilo lililokupata saa tisa, Mkuu. Toa taarifa serikali ya kijiji kwanza, na weka barabara ya moto (ukanda uliosafishwa nyasi) yenye upana wa angalau mara tatu ya kimo cha nyasi, upande wa chini zaidi ya hapo. Kesho yake pitia visiki na kinyesi kikavu cha ng'ombe, hufukuta siku kadhaa.

Paini? Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Patula ni mti wa nyanda za baridi, usiurudie. Joto likipanda hewa hunyonya maji mengi zaidi kwenye nyasi na majani, na vuli ikichelewa kipindi cha hatari kinarefuka. Weka caribaea kwa mita 3 kwa 3, pogoa matawi ya chini hadi mita 2, na uliyoyapogoa yatoe nje ya mistari. Ukiyaacha chini, moto una ngazi ya kupandia.

Kilima_Buchosa
Paini zangu ni caribaea, nimehakiki gome. Vidirisha nitafungua katikati ya Oktoba.