Divisheni III ya 22, fizikia D, hesabu F: niendelee na PCB au nibadilishe kombi?

Binti wa Makorora

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu mambo vipi.

Mimi ni binti, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana hapa Tanga mjini, shule ya kata. Matokeo yametoka na sikutegemea nilichokiona. Kwenye mock nilikuwa divisheni II, na walimu waliniambia nikikaza naweza kuigusa I. Imekuja III ya pointi 22. Kiswahili B, Kiingereza C, jografia C, baiolojia C, kemia C, historia D, uraia D, fizikia D, hesabu F.

Tulipojaza Selform, ile fomu ya mtandaoni ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, niliweka PCB (fizikia, kemia, baiolojia) namba moja, CBG (kemia, baiolojia, jografia) ya pili, na HGK (historia, jografia, Kiswahili) ya tatu kwa kujaza nafasi tu. Sasa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi, wamefungua dirisha la kubadilisha machaguo, na nikishika simu sijui nibonyeze nini.

Baba anauza samaki pale Deep Sea. Tangu niko shule ya msingi anawaambia wenzake "huyu ndiye daktari wangu". Kumwambia naacha PCB ni mtihani mwingine. Dada anasema niende HGK kwa kuwa Kiswahili changu kizuri, nitatoka na alama za kueleweka. Mjomba anasema advansi, yaani kidato cha tano na sita, niachane nayo, niende chuo cha afya moja kwa moja. Kila nikikaa na mtu natoka na jibu jipya.

Mwenyewe baiolojia naipenda kweli. Kemia nikifundishwa naielewa. Fizikia hatukuwa na mwalimu mpaka tulipoingia kidato cha tatu. Hesabu sina la kusema.

Naombeni ushauri. Matusi nimeshayapata ya kutosha kwa majirani.

Mpwa wa Chumbageni

Pole mdogo wangu, na hongera pia. Krediti tano (alama za A, B au C) kutoka shule ambayo haikuwa na mwalimu wa fizikia unaziita kufeli?

Twende kwenye vigezo. Kuchaguliwa kidato cha tano serikalini unatakiwa uwe na krediti zisizopungua tatu, pointi za masomo saba zisizidi 25, na masomo matatu ya tahasusi, yaani kombi, yasizidi pointi 10, bila F hata moja humo. D ni pointi 4 na C ni 3, kwa hiyo PCB yako ni 4+3+3, jumla 10. Umeingia kwa kukwaruza ukuta, lakini umeingia. Usibadilishe kitu. Ukichaguliwa ripoti Julai, upige kitabu.

Kobe wa Raskazone

HGK dogo, ukale raha. Ramani, mashairi na Vita vya Majimaji. Kuanzia Alhamisi umeshamaliza kusoma.

Mwalimu wa Zamu

Mpwa, hesabu zako ni sahihi lakini ushauri wako unatisha. Nafundisha kemia kidato cha tano na sita, na watoto wanaoingia PCB na pointi 10 nawapokea kila mwaka.

Binti yangu, kuna jambo shuleni huwa hawawaambii. Kidato cha nne C inaanzia 45 na D inaanzia 30. Ukifika kidato cha sita, 45 hiyohiyo inaitwa E, na kuanzia 34 kushuka ni F. Maana yake kiwango cha uelewa kilichokupa D ya fizikia mwaka jana, ukibaki nacho kule, unaweza kutoka na F. Na mtihani wenyewe ni mgumu zaidi, hatuzungumzii karatasi ileile.

Sisemi haiwezekani. Nimewaona walioingia na D wakatoka na C. Ila wote hao walikuwa na hesabu. Fizikia ya advansi inakwenda kwa hesabu kuanzia wiki ya kwanza: vekta, mwendo, mizunguko, umeme. Mtoto mwenye F ya hesabu anajikuta anaelewa maneno ya mwalimu, na swali likija hana pa kulishikia.

Halafu kuna BAM, hesabu za msingi za advansi (Basic Applied Mathematics). Ukienda PCB au CBG, kwa kuwa husomi hesabu za juu, utasoma BAM kama somo la nyongeza. Ndani yake kuna differentiation, integration, matriki, takwimu na uwezekano. Kwa hiyo anayekwambia CBG ni kukimbia hesabu hajawahi kukaa darasani. Hata jografia yenyewe ya kule ina upimaji ardhi, usomaji ramani na takwimu. Na nusu ya kemia yangu ni kukokotoa.

Pamoja na hayo, kati ya PCB na CBG kwa matokeo yako, mimi naweka CBG. Una C zote tatu, jumla 9. Kasoro yake moja ni hii: CBG haikupeleki udaktari wa binadamu. Shahada ya udaktari inataka fizikia, kemia na baiolojia zote tatu za kidato cha sita. Baba aambiwe hilo mapema, asije akalisikia chuoni.

Dada Mkubwa wa Ngamiani

Kobe, hayo maneno ya HGK ni raha ndiyo yanawapoteza watoto. Nimesoma HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza). Insha unaandika mpaka kidole kinaota sugu, na ukitoka unakutana na maelfu ya walimu wa sanaa wanaosubiri ajira. Kama mtu anaipenda, aende kwa moyo wote. Huyu kaandika hapo juu kwamba HGK aliiweka kujaza nafasi. Na historia yenyewe ana D, hamkuona?

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Salaam wanajukwaa. Nimechelewa kuiona mada, lakini naona mjomba wa binti anapuuzwa na yeye ndiye aliyesema jambo.

Mimi ni tabibu, niko kituo cha afya wilaya ya Muheza. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na matokeo yasiyo mbali na yako. Sikwenda advansi. Diploma ya utabibu ni miaka mitatu, na sifa ya kuingia ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, ndani yake ziwemo kemia, baiolojia na fizikia. Ufaulu kule ni kuanzia D. Wewe unazo zote. Hesabu na Kiingereza vinakuongezea nafasi, lakini F yako ya hesabu haikufungii.

Kazi yenyewe ndiyo hii baba anayoifikiria anaposema daktari. Naona wagonjwa, napima, naandika dawa, nashona majeraha. Usiku wa leo nimekuwa na mtoto wa degedege na bodaboda aliyeanguka njia ya Amani. Wagonjwa wananiita daktari, mimi nimeacha kuwasahihisha.

Sikufichi mabaya. Ada ipo. Kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali hakuna ada tangu mwaka wa masomo 2022/23, lakini chuo, hata cha serikali, utalipa, na cha binafsi utalipa zaidi. Nafuu ni kwamba tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa diploma, na afya imo kwenye vipaumbele. Kupata si hakika, usiipangie bajeti kabla haijaingia. Na ajira za serikali siku hizi mnaomba wengi.

Mpwa wa Chumbageni

Tabibu, na akitaka baadaye awe daktari kamili? Si ndiyo basi tena, kabaki hapohapo?

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Habaki. Ukimaliza diploma ya utabibu ukiwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, unaweza kuomba shahada ya udaktari. Nina wenzangu wako Muhimbili na Bugando kwa njia hiyo. Ila hapa binti asome kwa makini: mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, unataka pia uwe na angalau D ya kidato cha nne katika masomo matano, nayo ni hesabu, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza.

Hesabu imo.

Mwalimu wa Zamu

Asante Tabibu, hapo ndipo nilipokuwa naelekea na wewe umenirahisishia. Tunabishana PCB, CBG, chuo, na kila njia tunayoitaja ina ile F imekaa katikati. Akienda PCB itamsumbua kwenye fizikia. Akienda CBG itamsumbua kwenye BAM. Akienda utabibu haitamsumbua leo, itamsumbua siku atakapotaka kupanda.

Binti, jiandikishe mtahiniwa wa kujitegemea, urudie hesabu peke yake, au na fizikia kama unajiamini. Uandikishaji wa NECTA, baraza la mitihani, unaanza mapema mwaka, na ukichelewa unalipa na faini juu, kwa hiyo usisubiri. Mtihani ni Novemba. Hutafuti A. Unatafuta 30. Takwimu, seti, uhasibu mdogo wa kidato cha tatu, matriki na ruwaza za namba, hizo peke yake ukizishika vizuri umeshafika. Usianze na jometri ya duara inayokutoa machozi.

Na huu muda mpaka Julai usiuchezee. Watoto wengi wanakaa nyumbani miezi mitano wanaangalia tamthilia, halafu wanaripoti wamesahau hata jedwali la elementi.

Mzee wa Mkonge

Mimi naongeza la pembeni. Watu mnaongea kana kwamba mwenye baiolojia na kemia ana njia moja tu ya kutibu watu. Tanga hiihii Buhuri kuna kampasi ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, inayofundisha afya ya mifugo na uzalishaji. Bagamoyo pale Mbegani kuna chuo cha uvuvi, na huyu ni mtoto wa muuza samaki! CBG inampeleka SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kwenye kilimo, misitu, wanyamapori. Mlingano kuna kituo cha utafiti wa kilimo, Amani kuna watafiti wa magonjwa. Wanaofanya kazi humo si wote walisoma PCB.

Pia binti usidanganywe na vijana wa vijiweni wanaokwambia usome chochote kwa kuwa bomba la mafuta linaishia Chongoleani na ajira zitamwagika. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima linahitaji watu wengi wakati wa kulijenga. Likishaanza kusukuma mafuta, wanaobaki ni wachache, na ni mafundi na wahandisi wenye fizikia na hesabu zao.

Binti wa Makorora

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nawashukuru sana, hata Kobe.

Mwalimu, naomba kuuliza. Nikiweka CBG ya kwanza nikachaguliwa, halafu chuo cha afya nacho kikanipokea, nitakuwa nimevunja sheria? Na Tabibu, wewe kwenye diploma fizikia ilikusumbua?

Baba nimeongea naye jana baada ya isha. Nilimsomea ulivyoandika Tabibu, ile ya mtoto wa degedege. Alinyamaza kidogo akauliza, "Huyo anaandika dawa mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza ada shilingi ngapi. Hapo ndipo tulipofika.

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Fizikia haikunisumbua. Kule unasoma anatomia, fiziolojia, famakolojia, magonjwa ya ndani, ya watoto, ya uzazi. Kinachochosha ni wingi wa vitu vya kukariri na kuzunguka wodini. Kama baiolojia unaipenda kweli, utaumia kwa furaha.

Mwambie baba ada aulizie chuo kimojakimoja, maana hazifanani. Na kabla hajatoa hata shilingi, mhakikishe chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, na kozi yenyewe imeidhinishwa. Kuna watu wamesoma mpaka mwaka wa pili ndipo wakagundua kozi yao haitambuliki. Mtu akikupigia simu anakwambia nafasi ipo tuma hela ya fomu, kata simu.

Mwalimu wa Zamu

Hujavunja sheria yoyote. Kuchaguliwa kidato cha tano si kifungo. Weka CBG ya kwanza ili ubaki na nafasi isiyo na ada mkononi, kisha dirisha la vyuo vya afya la NACTVET likifunguliwa unaomba. Itakapofika Julai mtakaa na baba mkiwa na majibu mawili mezani, na kama pesa ya chuo haijapatikana, unaripoti shule.

Ila jiandae kwamba CBG unaweza kupangiwa mbali. Usijiaminishe Korogwe Girls kwa sababu iko jirani. Unaweza kujikuta Kigoma au Rukwa. Nauli na godoro na michango ndogondogo navyo ni pesa, hata kama ada hakuna.

Kobe wa Raskazone

Basi HGK niende mwenyewe.

Dada Mkubwa wa Ngamiani

Binti, kuna mwalimu wa hesabu anafundisha jioni huku kwetu barabara za juu, bei yake wanaiweza watoto wa wauza samaki na wa wauza maandazi. Nitumie ujumbe nikuelekeze. Njoo na dada yako siku ya kwanza.

Binti wa Makorora

Ahsante dada, nakutumia sasa hivi.

Nimejaribu kuingia Selform kubadilisha ila namba ya siri imekataa. Tulifunguliwa akaunti na mwalimu wa taaluma, maswali ya usalama sikumbuki tulijibu nini.

Mwalimu wa Zamu

Usibahatishe tena. Nenda shuleni kwako kesho asubuhi na namba yako ya mtihani, muone mkuu wa shule au huyohuyo wa taaluma, watakusaidia kuifungua upya. Ukishaingia, badilisha, kisha toka na uingie tena uone kama imehifadhi. Na usingoje siku ya mwisho, mtandao huwa unazidiwa.