Kupanua jengo la zamani la maegesho ya magari: tuanzie wapi?

Mjumbe wa Kamati:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimo katika kamati inayoshauri kuhusu jengo la maegesho lililo katikati ya mji, lenye ghorofa nne za zege na umri unaozidi miaka 40. Pendekezo lililo mezani ni kuongeza ghorofa mbili juu yake, kuweka chaja za magari ya umeme na kufunika paa kwa paneli za sola. Wanaolitetea wanasema kwamba kwa kuwa hakuna kitakachobomolewa, mradi huu tayari ni rafiki wa mazingira. Mimi naona hoja hiyo ina haraka. Naomba wenye utaalamu mnieleze ni mambo gani yajulikane kabla mchoro wowote haujachorwa, na kama ipo njia ya kupata nafasi zaidi bila kumwaga zege jipya.

Mhandisi wa Miundo:
Ndugu Mjumbe, wasiwasi wako una msingi. Ni kweli kwamba kulitunza jengo lililopo huepusha hewa ya ukaa nyingi, maana utengenezaji wa saruji pekee huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu; lakini faida hiyo ipo tu endapo jengo lenyewe bado ni zima na linaweza kudumu kwa miongo mingine.

Jengo la maegesho huishi maisha magumu. Mara nyingi halina kuta za kulikinga, magari huingia yakichuruzika maji, na penye bahari au barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu, chumvi hupenya taratibu hadi kwenye nondo. Nondo zikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kuanzia ndani. Hewa ya ukaa nayo huingia kwenye vinyweleo vya zege na kuondoa hali ya ualikali (kinyume cha uasidi) inayozilinda nondo. Kipimo chake ni rahisi: hutobolewa kipande cha zege, kikanyunyiziwa fenoftalini, kemikali inayobadilika rangi penye ualikali, sehemu iliyo salama hugeuka rangi ya waridi iliyokolea, na iliyokwisha kudhoofika hubaki kijivu. Ikionekana kwamba kijivu hicho kimefika kwenye nondo, mazungumzo ya ghorofa ya tano yasubiri kwanza.

Dalili za nje hazitoshi. Mwaka 1997 sehemu ya ghorofa ya juu ya jengo la maegesho la Pipers Row, mjini Wolverhampton, Uingereza, iliporomoka baada ya sakafu kushindwa mahali inapokutana na nguzo, na ni bahati kwamba ilikuwa usiku. Mjini New York, jengo la mwaka 1925 katika mtaa wa Ann liliporomoka Aprili 2023 na kuua mtu.

Iwapo msingi na nguzo vitathibitishwa kuwa na akiba ya nguvu, ningechagua ghorofa moja ya fremu ya chuma iliyofungwa kwa bolti badala ya mbili za zege. Ni nyepesi, na siku isipohitajika tena hufunguliwa ikatumika mahali pengine.

Mpangaji wa Usafiri:
Namuunga mkono Mhandisi, ila naomba turudi hatua moja nyuma: je, jengo hilo hujaa kweli? Hesabuni magari kila saa, ghorofa kwa ghorofa, siku za kazi na za mapumziko, kwa majuma kadhaa. Mara nyingi ghorofa ya chini hufurika huku ya juu ikiwa karibu tupu, na madereva huzunguka wakitafuta nafasi kwa sababu hakuna ubao wa kuwaonyesha zilipo.

Marehemu Profesa Donald Shoup, mtaalamu wa Marekani wa masuala ya maegesho, alipendekeza ada ipangwe ili nafasi zijae kwa takriban asilimia 85, na San Francisco ilianza mwaka 2011 kujaribu ada zinazopanda na kushuka kufuatana na mahitaji. Kila gari katika jengo la ghorofa hutumia mita za mraba 25 hadi 30 hivi ukijumlisha njia za kupitia, kwa hiyo hata kuchora upya mistari na kuwahamishia ghorofa za juu wanaoegesha kutwa nzima kunaweza kuleta nafuu kubwa. Msiguse nafasi pana za watu wenye ulemavu zilizo karibu na lifti; hizo zibaki zilivyo au ziongezwe.

Mhandisi wa Umeme na Usalama wa Moto:
Kwa upande wa chaja, gari linalokaa saa nane halihitaji chaja ya kasi. Chaja 40 za kilowati 7 zikiwaka kwa pamoja hudai kilowati 280, lakini mfumo unaogawa umeme kwa zamu unaweza kuzihudumia kwa sehemu tu ya kiasi hicho, na huenda mkaepuka kununua transfoma mpya. Kuhusu sola, kumbukeni kwamba paa lenye paneli ni paa ambalo halitapandishwa ghorofa kwa urahisi. Uamuzi wa ghorofa utangulie. Fremu za paneli nazo zifungwe kwa kuzingatia upepo unaozivuta juu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni moto. Jengo la King's Dock, Liverpool, liliungua siku ya mwisho ya mwaka 2017, na la uwanja wa ndege wa Luton likaungua Oktoba 2023. Kila tukio liliteketeza magari zaidi ya 1,000, na majengo yote mawili yalibomolewa. Hakuna lililokuwa na mfumo wa kunyunyizia maji, na moto wa Luton ulianzia kwenye gari la dizeli, si la umeme. Bajeti ya chaja isipitishwe kabla ya bajeti ya mfumo wa kunyunyizia maji.

Mjumbe wa Kamati:
Nawashukuru sana. Nitaomba hesabu ya magari na uchunguzi wa zege vifanyike kwanza. Je, uchunguzi huo unalazimu kufunga jengo zima?

Mhandisi wa Miundo:
Hapana, kwa kawaida hufungwa ghorofa moja baada ya nyingine. Anzeni na ya juu kabisa, inayopigwa na jua na mvua, na mchunguze kwa makini maungio ya kutanukia (mianya inayoachwa ili zege litanuke na kusinyaa) pamoja na maeneo yaliyo chini ya mabomba ya maji ya mvua.