Prosesa imefika 83% "ongezeni kifurushi": mbona st (muda tunaonyimwa prosesa) hamuioneshi?

Assalaam alaykum wakuu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Tunaendesha mfumo wa kukatia tiketi za boti za Unguja na Pemba. Mawakala wa Malindi, Darajani na Mkoani wote wanaingia humo humo. Seva tumekodi, mashine pepe (yaani kipande cha kompyuta kubwa, "mashine mama", wanachogawiana wateja wengi) ya kori 4 (kori ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi peke yake), na malipo hatujawahi kuchelewesha. Imefika wiki ya kuelekea Idi, kila Mpemba aliyepo Unguja anataka kwenda kwao, na mfumo ukaanza kujikokota. Pale dirishani Malindi kasimama bi mkubwa na wajukuu zake, pesa kaishika mkononi, wakala kabonyeza "Thibitisha" na kiduara kinazunguka tu. Kubonyeza tena anaogopa, asije akamkata mara mbili. Nyuma watu wamejaa mpaka nje, boti inapakia.

Nikawaandikia wenye seva. Jibu: prosesa yenu imefika 83%, kiwango salama ni 70, ongezeni kifurushi. Wakanibandikia na grafu nyekundu. Nikawaandikia mara nyengine, nikaletewa maneno yale yale, hawakubadilisha hata nukta.

Sasa tazameni nilichokiona mimi kwenye top (amri ya Linux inayoonesha muda wa prosesa unavyokwenda, kwa asilimia) saa ile ile:

us 38, sy 6, wa 2, id 17, st 37

us ni kazi ya programu zetu, sy ni kazi ya Linux yenyewe, wa ni kusubiri diski, id ni kukaa bure.

Hiyo ya mwisho ndiyo kesi yangu yote. st ni muda ambao seva yetu ilikuwa na kazi mkononi na iko tayari kuifanya, lakini mashine mama ikawa inawahudumia wengine kwenye prosesa ile ile. Hiyo 83 wanayonitishia wameipata kwa kuchukua 100 wakatoa id, basi. Humo ndani 37 si matumizi yetu, ni muda tulionyimwa! Kazi yetu khasa, us na sy, ni 44. Ni sawa na sisi tuuze kiti kimoja cha boti kwa abiria watatu, halafu yule aliyekosa pa kukaa tumwambie akanunue daraja la kwanza. Na nikiongeza kori kwenye mashine mama ile ile iliyojaa, nani kanihakikishia kwamba hizo mpya nitazipata?

Tuje kwenye hiyo 70 yao. Asili yake naijua na si uongo mtupu. Kwa kori moja inayopokea maombi yanayokuja bila mpangilio, hesabu za foleni zinasema ukifika 50% ombi linachukua wastani wa mara 2 ya muda wake wa kawaida, ukifika 80% mara 5, ukifika 90% mara 10. Ndiyo maana seva inayohudumia watu waliosimama dirishani unaiachia nafasi. Lakini kori zikiwa nyingi zinasaidiana foleni moja, na ule ugumu unachelewa kuanza. Seva ya kori 16 inaweza kukaa 80% na wateja wasihisi chochote. Na ripoti zetu za usiku wa manane zinapandisha prosesa mpaka 100% na sitaki zishuke, kwa sababu hakuna anayezisubiri na mashine nimeilipia ifanye kazi. Namba moja haiwezi kuwa hukumu ya seva zote za dunia!

Ukitaka kujua kama prosesa imezidiwa, tazama foleni. Fungua vmstat 1 (amri nyengine ya Linux, inaonesha hali kila sekunde), safu ya r, yaani kazi zinazofanyika au zinazosubiri prosesa: ikikaa muda mrefu juu ya idadi ya kori zako, kazi zinasubiriana. Kernel (moyo wa Linux) ya 4.20 ya mwaka 2018 na za baada yake zinaweza kukupa faili la /proc/pressure/cpu, linakwambia asilimia ya muda ambao kazi zilikwama kwa kukosa prosesa. Juu ya yote pima muda wa jibu, kutoka wakala anapobonyeza mpaka tiketi inapotoka.

Na hao hao waliwahi kunitumia "load 9 kwa kori 4, prosesa imekufa". Load ni wastani wa kazi zinazofanyika au zinazosubiri prosesa, lakini ile ya Linux tangu 1993 inahesabu pia michakato iliyokwama ikisubiri diski. Unaweza kuwa na load 9 na prosesa imelala, wa ndiyo iliyopanda. Fundi wa seva asiyetenganisha wa na st anamshaurije mtu atoe pesa zaidi?

Kinachoniuma ni kwamba wanaijua. Hiyo st iko kwenye seva kila sekunde, lakini kwenye grafu wanayompa mteja wameichanganya na matumizi yake ikawa rangi moja. Mwenye hoteli Nungwi au mwalimu wa skuli Wete aliyekodi seva hawezi kugundua, atalipa tu.

Ninachodai ni hiki: st ioneshwe peke yake kwenye grafu, tuhamishiwe mashine mama isiyojaa, na tupewe kwa maandishi kori moja inagawiwa wateja wangapi.

Wakuu mliokodi seva huku kwetu, leo baada ya Isha, wakati wateja ni wengi, fungueni top muache dakika chache, kisha bandikeni hapa mstari wa %Cpu wote kama ulivyo. Majina ya kampuni msiyataje kwa sasa. Nataka tuone kwanza ni wangapi tunanyimwa.