Tupeane uzoefu: Picha ya mdudu juu ya ua, uliikata wapi ukajuta?

Mpiga wa Uani
Wakuu salaam. Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi nilimpata nyuki kwenye alizeti nyuma ya nyumba, hapa Morogoro. Chavua imemjaa miguuni kama mtu aliyekanyaga unga wa sembe. Kwa furaha nikakropu mpaka akabaki nyuki peke yake, nikahifadhi palepale juu ya picha ya mwanzo. Kwenye kioo cha simu alipendeza kweli.

Nikaipeleka kuchapishwa A3, niitundike sebuleni. Kijana wa pale akaitazama, akaniuliza, "Mzee, hii ndiyo yenyewe?" Ilikuwa imebaki pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, 1,100 kwa 800. A3 ina urefu wa inchi 16 na nusu, kwa hiyo kila inchi inaambulia pikseli kama 66, na yeye anataka 300. Nyuki akatoka kama ukuta wa vigae. Picha ya mwanzo sina.

Ila kilichoniuma zaidi ni ua. Lote nililitupa. Nyuki yumo ndani ya umanjano mtupu, hujui yuko kwenye alizeti au kwenye ndoo ya rangi.

Haya, na nyie semeni.

Bi Kivumbasi
Pole mwaya. Yangu mimi ni kinyume. Nina vivumbasi mlangoni hapa Unguja, na kivumbasi kikishatoa maua nyuki hawabanduki. Nikampiga yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti. Picha mbovu, kageuka, mgongo tu. Nilipotaka kuifuta nikaivuta kwa vidole, labda kuna cha kuokota. Chini kushoto, pembeni kabisa, juu ya jani: kivunjajungu kichanga, kijani kitupu, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, kanikazia macho!

Nikamkata nyuki, nikambakisha yeye. Bibi yangu angekuwepo angesema ndiyo maana vyungu havidumu nyumba hii. Tangu siku ile sikati picha kabla sijaizunguka pembe zote nne.

Kamera Kuukuu
Mpiga wa Uani, umeeleza vizuri habari ya pikseli. Mimi niongeze kosa lililonitesa miaka: kusogea mno. Nilinunua lenzi ya makro, ile inayompiga mdudu kwa ukubwa wake halisi, nikawa namkaribia mpaka nakaribia kumgusa, tundu la lenzi nimelifungua wazi, f/2.8. Matokeo? Papasi moja, ile pembe nyembamba ya kichwani, kali; mdudu mzima ukungu. Hata ukilibana tundu mpaka f/11, kwa ukubwa ule sehemu inayotoka kali haizidi sana milimita moja. Kichwa cha nyuki kina unene zaidi ya hapo.

Siku hizi narudi nyuma kidogo, namwacha mdudu awe mdogo kwenye fremu, kisha nakata mwenyewe nikiwa nimekaa na chai. Ukirudi nyuma sehemu kali inaongezeka, na hata baada ya kukata bado unakuwa umefaidika. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, yaani 6,000 kwa 4,000. Nikikata nusu kila upande zinabaki 3,000 kwa 2,000, na hiyo inachapika vizuri kwa upana wa sentimita 25. Zaidi ya hapo siendi. Na kwa kipepeo aliyekunja mabawa, uso wa kamera uwe sambamba na bawa, la sivyo nusu yake inapotea.

Sina Haraka
Kwa hiyo siku hizi hakuna anayepanga picha kabla ya kubofya? Mnapiga hovyo mkatengeneze nyumbani?

Kamera Kuukuu
Mkuu, nyuki hakai kama mtu wa picha ya pasipoti.

Jirani wa Gede
Hamjambo wadau. Mimi naishi karibu na mradi wa Kipepeo hapa Gede, ule ulioanza 1993, ambapo watu wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na pupa zao huuzwa ng'ambo. Nilimwonyesha mama mmoja mfugaji picha niliyojivunia: kipepeo wa rangi ya chungwa juu ya lantana, nimemkata karibu karibu, nikaona nimefanya kazi ya maana. Akaishika simu, akainamisha kichwa. "Mwanangu, papasi ziko wapi? Huyu nitajuaje si nondo?"

Alikuwa na haki. Papasi za kipepeo zina kirungu nchani, na nondo wengi hawana. Mimi nilikuwa nimezipunguza ndio fremu ikae sawa. Sasa nikikata naanza na ncha za papasi, naziachia hewa, halafu ndio naangalia pande zingine.

Simu ya Kawaida
Tusio na kamera tusisahaulike jamani. Ile lenzi ya makro ya megapikseli 2 kwenye simu za bei yetu ni pambo. Natumia kamera kuu, nakaa umbali wa shubiri moja au zaidi, navuta mara 2, nagusa jicho la mdudu kwenye kioo. Natoka alfajiri, baridi bado imewalegeza. Upepo ukivuma, nachomeka kijiti ardhini na kukibana na shina la ua kwa kibanio cha nguo. Kibanio nakikata baadaye, hiyo ndiyo kropu yangu kubwa. Na mkitumiana WhatsApp, tumeni kama dokumenti, maana ikienda kama picha inaminywa.

Mpiga wa Uani
Wakuu, nimerudi. Leo saa kumi na mbili na nusu nililala kifudifudi kwenye kishonanguo kando ya uzio, jirani akapita akaniuliza nimedondosha nini. Nimempata nyuki mmoja, anatazama kushoto, na mbele yake pako wazi, kijani kilichofifia tu. Nimekata upande wa mgongoni, mbele nimemwachia. Mke wangu anasema ikatwe mraba ili nyuki akae katikati. Ya mwanzo ninayo safari hii. Naituma kama dokumenti, mwamue nyie.