Kitulo kwa baiskeli mwezi wa pili: Hamsini na Saba niipande au niishuke?

KijanaWaForest

Wakuu habari za jioni. Mi nakaa Mbeya mjini, baiskeli naendesha mwaka wa tatu sasa ila zaidi ni kwenda kazini na wikendi kupiga hadi Mbalizi na kurudi, safari ndefu kuliko zote niliyowahi kufanya ni Tukuyu, nikalala, kesho yake nikarudi, na nilivyofika nyumbani ngazi za mlangoni nilipanda kwa kushika ukuta. Sasa kuna jamaa yangu wa Dar anakuja mwezi wa pili ana likizo, tumekubaliana tuzunguke hifadhi ya Kitulo tuone maua. Aibu kusema, nimezaliwa huku lakini hiyo Bustani ya Mungu naijua kwa picha za kalenda tu.

Nimechora njia mbili. Ya kwanza tunashika barabara kuu ya Iringa mpaka Chimala, kilometa 78, tunalala, asubuhi tunaipanda Hamsini na Saba, ile barabara ya kona za mlimani, hadi Matamba, tunaingia hifadhini, tunakuja kutokea Isyonje halafu tunateremka na lami hadi Uyole. Ya pili ni hiyohiyo ila tunaianza kwa nyuma, yaani tunapandia Isyonje tunashukia Chimala. Tuna siku nne.

Aliyewahi kupita aniambie ipi inafaa, na mvua za mwezi wa pili zikoje huko juu, na hifadhi wanaruhusu baiskeli au tutarudishwa getini? Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, gia 21, breki za raba za kawaida, keria nyuma. Ya jamaa ina matairi membamba ya lami, anasema zitatosha. Natanguliza shukrani.

Lumbesa57

Dogo mi ni dereva, viazi vya Matamba nimebeba miaka mingi, jina langu hapo juu lisikuchekeshe. Kabla ya kuuliza kupanda au kushuka, jiulize kwanza hizo kilometa 78 za barabara kuu unazipitaje. Mlima Nyoka pale na mteremko wa Inyala unavijua mwenyewe, watu tumezika. Malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, pembeni lami inaisha kama imekatwa na panga, likikukuta lori linaovateki huna pa kwenda zaidi ya mtaroni. Mi ningekuwa wewe baiskeli naifunga juu ya Coaster mpaka Chimala, namlipa konda hela yake, naanza safari nikiwa mzima.

Hamsini na Saba yenyewe usiidharau, hilo jina ni hesabu ya kona. Kuna kona lori halikati mara moja, linapiga mbele linarudi nyuma, tandiboi anatembea na gogo mkononi anaweka kwenye tairi. Sasa wewe unateremka na kibaiskeli, unakata kona unakutana na makalio ya fuso yanakuja kinyumenyume, inakuwaje? Ukisikia honi tu, shuka, simama upande wa ukuta wa mlima, kule kwenye korongo usisimame hata kidogo, subiri ipite. Sisi tukiwa na mzigo tunaangalia gema, baiskeli hatuioni.

Fundi Spoku

Mkuu Lumbesa kaongea kweli kuhusu barabara kuu ila kwa mtu wa baiskeli hesabu ni ya mita. Mbeya mjini upo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Chimala iko ukingoni mwa bonde la Usangu, chini, kama 1,100. Kitulo kule juu ni kama 2,600. Kwa hiyo ukianzia Chimala unapanda mita 1,500, tena changarawe, tena kona, na mzigo kwenye keria. Ukipandia Isyonje unapanda kama 900, na kipande kikubwa cha mwanzo ni lami ya Tukuyu ambayo wewe umeshaizoea. Mimi nasema pandia Isyonje, usitafute sifa.

Tatizo linahamia kwenye kushuka. Hizo raba zako za breki zinabana ringi, sasa ukizibana mfululizo kwenye mteremko mrefu ringi inachemka, joto linaingia kwenye tyubu, tyubu inapasuka ukiwa katikati ya kona. Siongelei hadithi, mwaka fulani nilikuwa nashuka milima ya upande wa Mwakaleli, mbele ikapasuka pwaa, nilisimamishwa na mgomba. Na ikinyesha ni balaa jingine, tope linachanganyika na changarawe linakuwa msasa, raba mpya inaliwa siku moja.

Kwa hiyo: raba mpya zote nne kabla ya safari na jozi moja mfukoni, waya wa breki wa akiba, tyubu mbili, viraka, gundi, pampu, spoku tatu nne umezifunga na selotepu kwenye fremu. Kushuka usining'inie kwenye breki, bana achia, bana achia, mbele na nyuma zipokezane, kila kona tano sita simama mwagia ringi maji au subiri tu ipoe huku unaangalia Usangu ilivyotandikwa kule chini, hiyo picha peke yake inalipa safari. Huyo jamaa yako na matairi ya lami mwambie asahau, aje tumfunge tairi za meno, Mwanjelwa zipo.

Binti Uwanji

Kamwene jamani. Mimi nimekulia Matamba, nawasoma nacheka, mmeongelea breki hadi mmesahau baridi. Kaka, huko juu kuna baridi. Mwezi wa sita na wa saba majani asubuhi yanakuwa na barafu nyeupe, mwezi wa pili haifiki huko lakini ukiloa na upepo ule wa uwandani utatetemeka hadi ushindwe kubana hiyo breki mnayoijadili. Soksi za mikononi, koti la mvua la kweli siyo mfuko wa rambo, na nguo moja kavu ya kulalia ambayo hairuhusiwi kuguswa mchana. Na huyo mgeni wa Dar hewa ya juu ni kama robo tatu ya aliyoizoea baharini, atahema kwenye kamwinuko ka kitoto atadhani anaumwa, mpeni siku moja Mbeya apumzike kwanza.

Mvua mwezi wa pili ipo, na ndiyo inayoleta maua, sasa mnataka maua bila mvua? Kuanzia kama mwezi wa kumi na moja hadi wa nne ndiyo msimu wake. Ukipita mwezi wa nane utakuta nyasi za kahawia utasema tulikudanganya. Kinachosaidia ni kuamka. Asubuhi mara nyingi kunakuwa kweupe, ukungu ukiondoka mnaona mpaka mbali, mchana mawingu yanajikusanya. Saa kumi na mbili muwe mmeshakunywa chai, saa saba muwe mmefika mnapolala. Barabara ikilowa tope linajaa kati ya tairi na fremu mpaka tairi haizunguki, beba kijiti cha kuchokonolea.

Hifadhi ni ya TANAPA kama nyingine, hakuna simba wala tembo wa kuwakimbiza ndo maana hata kwa miguu watu wanatembea, lakini wapigieni mapema muwaeleze ni baiskeli na mnapita wapi, malipo yanakwenda kwa kontrol namba, msije na noti mkononi. Mkifika tembeeni taratibu, msipite kama mnafukuzwa. Kuna tandawala anatembea kwenye majani kama bwana shamba anayekagua, kuna mbayuwayu wa bluu. Na okidi, aina 45 zimehesabiwa, msing'oe. Nyie mnaona ua, wengine waliona hela chini yake, mizizi ilichimbwa ikabebwa kwenda Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko, hiyo ni sababu mojawapo pale pakawa hifadhi mwaka 2005. Bibi yangu alikuwa anasema zamani ulikuwa huoni majani kwa maua. Labda alizidisha, lakini sikumbishia.

KijanaWaForest

Asanteni sana, dada umenitisha na kunifurahisha kwa pamoja. Basi tunapandia Isyonje. Lumbesa mkuu, kuhusu kushuka na kukutana na fuso, nimeanza kuogopa kweli, kuna ubaya gani tukiikokota baiskeli kwa miguu kona zote 57?

Mnyalukolo wa Njombe

Naingilia. Kwa nini mrudi Mbeya kabisa? Mkishamaliza uwanda pigeni kwenda Makete, halafu Makete hadi Njombe ni lami kama kilometa 107, milima ya Ukinga mpaka mchoke kuangalia, matofaa mnakula njiani, Njombe mnapanda basi na baiskeli zenu buti mnarudi. Hamsini na Saba mnaiachia viazi.

Fundi Spoku

Lami sawa lakini mwambie pia kwamba hiyo lami ya Ukinga haijawahi kuona tambarare, panda shuka panda shuka. Wana siku nne na mmoja ametoka Dar. Ila ni wazo zuri, sikatai, hasa kama breki ndo zinampa mawazo.

Lumbesa57

Dogo kukokota hakuna ubaya, hata sisi tandiboi anashuka kwa miguu. Ila hata ukikokota kaa upande wa ukuta, na nyakati za mavuno usiku usithubutu.

KijanaWaForest

Nimeongea na jamaa. Anasema Njombe. Nilivyomwambia kona 57 alinyamaza kwenye simu nikadhani mtandao umekata. Kwa hiyo ni Isyonje, uwandani tunalala siku mbili kwa ajili ya maua, halafu Makete na Njombe kama mguu utakuwepo, usipokuwepo tunatafuta gari Makete. Fundi, Jumamosi nakuletea baiskeli uziangalie breki, hata huko Ukinga nadhani kuna mteremko.

Fundi Spoku

Upo mwingi tu. Njoo kabla ya saa nne, na uioshe kwanza.

Binti Uwanji

Na soksi za mikononi mnunulie pia huyo wa Dar, maana atakuja na kaptula, nawajua.